Christy Mathewson na Mwalimu Aliyeketi Benchini

Katika maswali yanayomkabili mwalimu wa shule ya msingi kila siku ya kazi, liko moja ambalo halina jibu jepesi: ni wakati gani ampe mtoto jibu, na ni wakati gani amwachie alitafute mwenyewe, hata kama atakosea mbele ya wenzake. Swali hili halikai darasani peke yake. Hutoka pia hadi uwanjani, na huko huonekana wazi zaidi, kwa kuwa kosa la uwanjani huhesabiwa papo hapo na watazamaji wote hulishuhudia. Katika makala haya tumeona yafaa tulitazame kwa njia ya maisha ya mchezaji mmoja wa Marekani, Christy Mathewson, aliyefariki mwaka 1925, na ya mwalimu wake wa mchezo, John McGraw. Mchezo wao ulikuwa besiboli.

Kwa kuwa besiboli haichezwi sana katika shule zetu, hapana budi tueleze kidogo. Ni mchezo unaofanana kwa mbali na kriketi. Mtupaji husimama futi 60 na inchi 6 kutoka kwa mpigaji, naye hurusha mpira ambao mpigaji hujaribu kuupiga kwa gongo. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji. Mpira wa kasi wa mtupaji hodari hufika kwa muda usiotimia nusu sekunde, hivyo mpigaji hana nafasi ya kungoja aone vizuri, sharti akisie. Mtupaji naye hufanya kila hila ili amkosheshe kukisia: mara mpira ulionyooka wa kasi, mara unaopinda, mara wa polepole uliotupwa kwa mkono uleule na kwa sura ileile. Kabla ya kila mtupo mdakaji humwonyesha mtupaji vidole vyake kwa siri, akipendekeza mtupo wa namna gani ufuate. Mtupaji akikubali, hurusha. Asipokubali, hutikisa kichwa na kungoja ishara nyingine. Mazungumzo hayo ya kimya baina ya watu wawili ndiyo kiini cha mchezo. Anayeyafahamu hachoki kutazama, na asiyeyafahamu huona watu wamesimama tu.

Siku hizi, katika timu nyingi za vijana wa shule huko Marekani, mazungumzo hayo yameingiliwa na mtu wa tatu. Kocha huketi benchini, hugusa kofia, kisha sikio, kisha kidevu, ama hutamka namba ambayo mdakaji huitafuta katika kikaratasi kilichofungwa mkononi mwake. Mdakaji hupitisha amri, mtupaji huitekeleza. Wanaoutetea utaratibu huu husema kwamba mtoto wa miaka kumi na miwili hana ujuzi wa kuwasoma wapigaji, na kwamba akipunguziwa mzigo wa kufikiri ataweza kutupa vizuri zaidi. Wanaoupinga husema kwamba mtoto huyo, akipunguziwa mzigo huo mwaka hata mwaka, atafika utu uzima akiwa na mkono hodari na kichwa kisichozoea kuamua. Kila upande una ukweli wake, na ndiyo sababu tunamleta Mathewson mbele ya walimu wanaojiandaa.

Mathewson alizaliwa tarehe 12 Agosti 1880 katika mji mdogo wa Factoryville, jimbo la Pennsylvania. (Ni jimbo hilohilo ambalo vijana wa Lugazi, Uganda, walilifikia mwaka 1912 likiwa limejaa kumbukumbu za mchezo huu, la, tuseme sawasawa: mwaka 2012, walipokwenda Williamsport wakiwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano makuu ya besiboli ya watoto.) Alisoma katika mji wake, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Bucknell kilichoko Lewisburg. Huko alikuwa kiongozi wa darasa lake, akacheza besiboli na mpira wa miguu wa Kimarekani, na akapata sifa ya kucheza dama kwa ustadi mkubwa. Jambo hili la dama tusilipuuze. Baadaye maishani aliweza kucheza na watu kadhaa kwa wakati mmoja, akikumbuka hali ya kila ubao. Yeyote aliyewahi kukaa barazani akitazama wazee wakicheza dama anajua kwamba mchezaji mzuri hatazami kete anayoisogeza. Hutazama kete ambayo mwenzake atalazimika kuisogeza baada ya zamu tatu.

Aliondoka chuoni kabla ya kuhitimu, akawa mchezaji wa kulipwa. Mwaka 1899, akichezea timu ya Taunton katika jimbo la Massachusetts, aliona namna ya kutupa mpira ambao, badala ya kupinda kwa upande uliozoeleka, huzama kuelekea upande wa pili. Akaanza kuujaribu. Mwaka uliofuata alichezea Norfolk, akashinda michezo 20 na kushindwa 2, na timu kubwa ya New York Giants ikamnunua.

Hapo ndipo tunapokutana na somo la kwanza aliloliandika mwenyewe baadaye. Kiongozi wa Giants wakati huo alikuwa George Davis, ambaye pia alikuwa mchezaji. Kijana alipofika, Davis hakumpa hotuba. Alichukua gongo, akasimama mahali pa mpigaji, akamtaka atupe kila alichonacho. Mtupo wa kasi Davis aliupiga. Ule mtupo wa kupinda kwa duara kubwa, ambao kijana aliuonea fahari sana huko alikotoka, Davis aliupiga mbali zaidi, akamweleza kwamba katika ligi kubwa hautafaa kitu. Ndipo kijana akautupa ule wa kuzama kinyume, kwa kusitasita, kama mwanafunzi anayeonyesha mchoro ambao hakutumwa kuuchora. Davis akaukosa. Akauomba tena, akaukosa tena. Akamwagiza aufanyie mazoezi, na mtupo huo ukaja kujulikana kwa jina la kufifia, kwa kuwa ulionekana kama unatoweka mbele ya mpigaji. Kipimo cha Davis kilikuwa cha haki kabisa: alisimama yeye mwenyewe pale ambapo kosa au ubora ungeonekana, akaacha mpira useme. Hakumkataza kijana kitu kabla ya kukiona.

Hata hivyo mwaka huo wa 1900 haukuwa mwema. Mathewson alishindwa michezo mitatu, hakushinda hata mmoja, akarudishwa Norfolk. Alirudi New York mwaka 1901 akashinda michezo 20, lakini mwaka 1902 kiongozi mpya wa timu alianza kumjaribu katika nafasi nyingine, akimweka katika kituo cha kwanza na hata nyuma uwanjani, kana kwamba hakujua ameletewa nini. Walimu wanaohamishiwa watoto katikati ya mwaka bila maelezo watalielewa jambo hili. Mwezi Julai mwaka huo alifika John McGraw, naye akamrudisha kwenye kazi yake ya kutupa.

McGraw, aliyezaliwa mwaka 1873, alikuwa mtu mfupi, mkali wa maneno, aliyegombana na waamuzi karibu kila siku. Aliamini kwamba timu ni ya kiongozi wake. Aliketi benchini na kuiongoza kwa ishara: nani akimbie, nani apige taratibu, nani angoje. Katika kitabu kilichotoka mwaka 1912 kwa jina la Pitching in a Pinch, ambacho mwandishi wa habari John Wheeler alimsaidia kukiandika, Mathewson alieleza bila kuficha kiasi gani wachezaji wa timu ile waliitegemea akili ya mtu huyo mmoja. Kwa upande mwingine, McGraw alikuwa mwalimu wa kweli. Timu hiyo ilikuwa na mtupaji asiyesikia wala kusema, Luther Taylor, aliyesoma katika shule ya viziwi huko Olathe, Kansas. McGraw hakungoja Taylor ajifunze njia ya wenziwe. Alijifunza yeye lugha ya vidole, na wachezaji wengine wakajifunza pia, hata wakawa wanazungumza kwa vidole benchini na hotelini. Sisi tunalihesabu tendo hili kuwa kubwa kuliko vikombe vyake vingi. Taylor alipoacha kucheza alifanya kazi kwa miaka mingi katika shule za viziwi, na kijana mmoja aliyemlea katika shule ya Illinois, Dick Sipek, akafika kuchezea ligi kubwa mwaka 1945.

Tofauti ya tabia baina ya McGraw na Mathewson ilikuwa kubwa. Mmoja alitukana, mwingine hakutupa mpira siku ya Jumapili kwa sababu ya dini yake. Lakini walipendana. Mwaka 1903, Mathewson alipooa, familia hizo mbili zilikaa pamoja katika nyumba moja mjini New York. Tunaweza kukisia kwamba wapigaji wa timu nyingine walijadiliwa sana katika nyumba ile. Jambo lililo hakika ni kwamba McGraw alimsifu Mathewson kwa kumbukumbu yake: ukimweleza mara moja udhaifu wa mpigaji fulani, hakuusahau. Na hapa ndipo tunapoona mafundisho ya benchini yakigeuka kuwa mali ya mwanafunzi. Amri ya mtupo mmoja huisha pale mpira unapodakwa. Maelezo ya kwa nini mpigaji huyu hupenda mpira wa juu na kuuogopa wa chini hubaki, na mtu anayeyakumbuka anaweza kuyatumia siku ambayo hakuna wa kumwelekeza.

Matokeo yalionekana. Mwaka 1903 alishinda michezo 30, mwaka 1904 akashinda 33, mwaka 1905 akashinda 31. Mwezi Oktoba 1905, katika fainali kuu iitwayo World Series, alitupa michezo mitatu kamili katika siku sita dhidi ya Philadelphia Athletics, na katika michezo yote hiyo mitatu wapinzani hawakupata hata pointi moja. Mdakaji wake alikuwa Roger Bresnahan. Tangu siku zile hakuna aliyelirudia jambo hilo katika fainali moja. Nguvu haikuwa siri yake kuu. Alikuwa na shabaha: katika mwaka mzima wa 1913 alitupa zaidi ya vipindi 300, na ni mara 21 tu alipomruhusu mpigaji kwenda kituo cha kwanza bila kupiga. Alijizuia pia. Mtupo wake maarufu wa kufifia aliutumia mara chache katika mchezo mmoja, kwa kuwa ulimchosha mkono. Vilevile hakutumia nguvu zake zote kwa kila mpigaji. Alizihifadhi kwa wakati wa hatari, na kitabu chake kimepewa jina kutokana na wakati huo.

Hebu tusimame hapa kidogo. Mtu mzima, aliyelipwa kwa kazi hiyo, alijua mwenyewe ni mitupo mingapi ya kuumiza ambayo mkono wake ungestahimili. Mtoto hajui, na kocha aliyeko benchini, anayetaka kushinda mchezo wa Jumamosi, anaweza kuagiza mtupo wa kupinda mara nyingi kupita kiasi kwa sababu mkono unaouma si wake. Ndiyo maana mashindano ya watoto yaitwayo Little League yameweka kikomo: mtoto wa miaka 11 au 12 hatakiwi kutupa zaidi ya mara 85 kwa siku. Kikomo hicho hakisemi ni nani achague mtupo. Kinamkumbusha tu mtu mzima kwamba amri zake zina gharama inayolipwa na mwingine.

Mwaka 1908 Mathewson alishinda michezo 37, lakini mwaka huo hukumbukwa kwa habari nyingine. Tarehe 23 Septemba, katika mchezo dhidi ya Chicago Cubs, kijana wa miaka 19, Fred Merkle, aliona pointi ya ushindi imeingia na watazamaji wamevamia uwanja, akakimbilia chumbani bila kugusa kituo cha pili. Pointi ikafutwa. Mchezo ulihesabiwa kuwa sare, ukarudiwa tarehe 8 Oktoba, Mathewson akatupa akiwa amechoka, akashindwa, na ubingwa ukaenda Chicago. Magazeti yalimtesa Merkle kwa miaka. McGraw, yule mkali wa maneno, hakumlaumu. Alimbakiza katika timu na kumwongezea mshahara. Alijua kwamba kijana alifanya kile ambacho wachezaji wengi walizoea kukifanya siku zile, na kwamba hakuna ishara yoyote ya benchini iliyomwonya.

Sasa tufike katika mwaka 1911, ambao kwa maoni yetu una mafunzo mengi kuliko ushindi wote uliotangulia. Giants walikutana tena na Athletics katika fainali. Kabla ya michezo kuanza McGraw aliwaeleza watupaji wake jinsi ya kumkabili kila mpigaji, akiwemo Frank Baker. Tarehe 16 Oktoba mtupaji kijana Rube Marquard alimtupia Baker mpira ambao Baker aliupiga ukatoka nje ya uwanja, na Giants wakashindwa. Asubuhi iliyofuata gazeti lilitoka na makala yenye jina la Mathewson, ambayo kwa kweli iliandikwa na Wheeler, ikieleza kwamba Marquard alikosea kwa kuacha maelekezo aliyopewa. Alasiri ya siku hiyohiyo, tarehe 17, Mathewson alipanda mwenyewe kutupa. Giants waliongoza kwa pointi moja kwa bila hadi kipindi cha tisa. Akaja Baker. Akaupiga mpira wa Mathewson nje ya uwanja, mchezo ukasawazishwa, na katika kipindi cha kumi na moja Athletics wakashinda 3 kwa 2. Makala iliyotolewa kwa jina la Marquard haikuchelewa kuuliza, kwa kejeli, ni nini kilichompata mwalimu huyo mkubwa.

Watu walicheka, na bado wanacheka. Sisi tungependa mwalimu mwanafunzi atazame upande mwingine. Maelekezo ya benchini yalikuwepo siku zote mbili, yaliyotolewa na mtu mmoja, juu ya mpigaji mmoja. Aliyeshutumiwa kwa kuyaacha alipigwa, na aliyeyatetea alipigwa. Baker alikuwa mpigaji hodari, naye alikuwa na akili zake na mipango yake. Mtoto anayefundishwa kwamba akitii hatakosea kamwe, siku atakapotii na kushindwa atabaki hana neno la kujieleza, isipokuwa kumtazama aliyemwamuru. Na yule anayefundishwa kwamba kila kushindwa kumetokana na kutotii, ataogopa kufikiri. Kusoma gazeti asubuhi ile hakukuweza kumsaidia Marquard chochote, kwa sababu lilimwambia nani wa kulaumiwa pasipo kumwambia Baker aliona nini.

Tusimdhulumu McGraw kwa kusema kwamba njia yake haikufaa. Katika fainali ya mwaka 1922, Mathewson akiwa ameshaondoka zamani, McGraw aliagiza kutoka benchini mitupo aliyotupiwa Babe Ruth, na Ruth, mpigaji aliyeogopwa kuliko wote, alipata mipigo 2 tu katika majaribio 17. Giants wakawa mabingwa. Kama kipimo chetu ni kikombe, hoja imekwisha. Lakini watupaji wale walikuwa watu wazima waliokwisha kuujua mchezo, na lengo la timu ile lilikuwa ubingwa. Shule ya msingi haina fainali ya namna hiyo. Mtoto wetu akishinda Jumamosi kwa akili ya mwalimu, Jumatatu hurudi darasani akiwa vilevile alivyokuwa Ijumaa.

Mwalimu afanye nini basi? Wako makocha wanaofuata njia ambayo kwetu ni ya busara. Kwanza huwaketisha mtupaji na mdakaji kabla ya mchezo na kuwauliza wanamwonaje kila mpigaji. Wakati wa mchezo huwaachia wachague. Kipindi kikiisha, huwaita benchini na kuuliza kwa nini walichagua mtupo fulani, hata kama ulifaulu. Kwa maana mtoto anayeulizwa anapokosea tu hujifunza kwamba swali ni adhabu. Hali ikiwa ngumu mno, kocha hutoa ishara moja au mbili, na baadaye hueleza sababu yake. Njia hii huleta vipigo vichungu mwanzoni. Wazazi hulalamika. Kocha hulazimika kukaa juu ya mikono yake, na hiyo, kwa mtu anayeujua mchezo, ni kazi nzito kuliko kuagiza. Mwalimu wa hesabu anayemtazama mtoto ubaoni akiandika hatua ya pili kwa makosa, naye akanyamaza mpaka mtoto afike hatua ya nne na kuona mwenyewe kwamba jibu haliwezekani, anaujua uzito huo.

Mathewson aliendelea kucheza hadi mwaka 1916, mkono ukiwa umechoka. Mwezi Julai mwaka huo McGraw alimpeleka Cincinnati ili awe kiongozi wa timu, yaani aketi yeye benchini. Alitupa mchezo mmoja tu huko, akafikisha jumla ya michezo 373 aliyoshinda. Mwaka 1918 alimsimamisha mchezaji wake Hal Chase, akimshuku kwamba hachezi kwa uaminifu, na muda si mrefu akajiunga na jeshi akapelekwa Ufaransa akiwa kapteni katika kikosi cha silaha za kemikali. Huko alivuta hewa ya sumu. Baadaye akaugua kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa umemuua mdogo wake Henry mwaka 1917, hivyo si rahisi kusema kwa hakika chanzo kilikuwa kipi.

Alikwenda kutibiwa Saranac Lake, katika milima ya jimbo la New York, akapata nafuu, na mwaka 1923 akawa rais wa timu ya Boston Braves. Nafuu haikudumu. Alifariki Saranac Lake tarehe 7 Oktoba 1925, akiwa na miaka 45, siku ile ile World Series ya mwaka huo ilipoanza huko Pittsburgh. Kesho yake wachezaji wa timu zote mbili waliingia uwanjani wakiwa na vitambaa vyeusi mikononi. Alizikwa Lewisburg, karibu na chuo alichokiacha bila kuhitimu, na McGraw alikuwa miongoni mwa waliomsindikiza. Mwaka 1936, walipochaguliwa wachezaji watano wa kwanza wa kuwekwa katika jumba la kumbukumbu la besiboli, yeye alikuwa mmoja wao, na kati ya hao watano ni yeye peke yake aliyekuwa amekwisha kufariki.